Mshale Una Mwenyewe
(Mhadhara kwa wakazi wa Kaloleni, Kisumu)

Najua wapo waliosoma tangazo la mhadhara wa pinde na mishale wakasema mhadhiri amepotea njia, Kaloleni aliyokuwa akiitafuta iko Kilifi. Hawakukosea sana. Kaloleni ile iko katika nchi ya Wagiriama, na Wagiriama walikuwa mabingwa wa kupika sumu ya mishale, nami sitaondoka hapa bila kuwataja. Sisi wa ufuoni ni watu wa mkuki na nyavu. Wazee wa huku walimwendea kiboko kwa mitumbwi na mikuki, na meno yake yakapamba vilemba vya wakubwa. Upinde, hapa Kisumu, ni kitu cha jirani: Mnandi, Mkipsigis, Mkisii, Mkuria. Na siku hizi mishale ikitajwa redioni, tunajua habari inatoka Sondu, na hakuna aliyekwenda kuwinda.

Ndiyo maana nimeona tuuzungumzie upinde hapa hapa. Hoja yangu ni moja, nami naisema mapema ili mwenye kuwahi matatu aende nayo. Mshale wa mwindaji ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, na adabu yote ya uwindaji ilisimama juu ya jambo hilo. Tumezoea kuambiwa kwamba wawindaji wa zamani walikuwa na huruma na wanyama, kwamba walizaliwa na hekima ya mazingira. Mimi huruma hiyo siioni. Ninachokiona ni wenzake mwindaji, waliomtazama na kumhesabia kila mshale aliouachia.

Tuanze na chombo chenyewe. Huu nilioushika ni msumari wa inchi sita, wa dukani. Fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye amenigongea kichwa chake ukiwa baridi, bila moto, hadi ukatanuka ukawa bapa wenye makali pande mbili. Katikati ya kazi aliniuliza, tena zaidi ya mara moja, kama nina ugomvi na mtu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kule Tanzania, ndivyo wanavyofanya: msumari, jiwe, nyundo au kipande kingine cha chuma, na subira. Wano, yaani mti wa mshale, hukatwa ukiwa mbichi, ukachunwa ganda, ukapashwa moto, kisha ukanyooshwa kwa meno. Mwindaji huuma penye kombo huku mkono ukivuta ncha, hufumba jicho moja kuangalia unyoofu, huuma tena. Nyuma hufungwa manyoya ya ndege kwa nyuzi za kano, na upote wa upinde nao ni kano za mnyama zilizosokotwa. Kwa hiyo mnyama wa mwaka jana ndiye anayemuua wa mwaka huu. Upinde wa kawaida wa Mhadzabe huhitaji nguvu ya paundi 70 hivi kuuvuta, yaani kilo 32. Kijana wa mazoezi ya uzani ataweza kuuvuta mara moja mbele ya marafiki. Kuuvuta na kutulia, mkono usitetemeke huku swala anakutazama, hiyo ni shule ya miaka.

Upinde wa Waata ni mambo mengine. Waata ni jamii ndogo ya bara la pwani, kandokando ya Mto Galana na nyika ya Tsavo. Serikali ya kikoloni iliwaita Waliangulu, wengine wakawaita Wasanye. Hao waliwinda tembo. Pinde zao zilipita paundi 100, na nyingine zilikwenda mbali zaidi ya hapo. Ni kama kuunyanyua mfuko wa saruji kwa vidole vya mkono mmoja. Kule Uingereza, meli ya kivita iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikaibuliwa mwaka 1982, na ndani yake zikapatikana pinde ndefu zaidi ya 100, na watafiti wakastaajabu kwamba binadamu aliweza kuvuta silaha nzito kiasi hicho. Wangeuliza kwetu. Wakati pinde za Waingereza zimelala kwenye tope la bahari kwa zaidi ya miaka 400, hapa Kenya zilikuwapo nyingine za aina hiyo ambazo katika miaka ya 1950 bado zilikuwa kazini.

Nguvu peke yake haimwangushi tembo. Hapo ndipo anapoingia Mgiriama na chungu chake. Mti wenyewe ni msunguti, ambao wanasayansi huuita Acokanthera. Mbao na mizizi huchemshwa kwa saa nyingi, maji yakapungua, kikabaki kitu cheusi kinachonata mithili ya lami. Ndani yake mna ouabaini, ambayo Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888 na ambayo baadaye madaktari wa Ulaya waliitumia kutibu moyo. Kwa kipimo kidogo ni dawa, na kwa kipimo cha mwindaji moyo husimama. Haifyonzwi vizuri tumboni, na ndiyo sababu nyama ya mnyama aliyefumwa huliwa, ila ile iliyozunguka kidonda hukatwa na kutupwa. Kuna hata panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, anayetafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa akimng'ata hufa au huugua vibaya. Watafiti walilithibitisha hilo mwaka 2011. Wenyeji walikuwa wakiwaonya mbwa wao tangu zamani.

Sumu hii huharibika ikikauka na kupigwa na jua. Kwa hiyo mwindaji alikipaka kigumba, akakizungushia ukanda mwembamba wa ngozi laini, akaufungua pale tu anapokaribia kufuma. Ukanda huo ulikuwa na kazi ya pili: kumlinda yeye na wenzake. Katika njia nyembamba ya porini watu hutembea wakifuatana, na podo la mmoja liko karibu na uso wa mwingine. Mchubuko mdogo watosha, na dawa ya kuizuia sumu haikuwapo. Ukitaka kujua usuhuba wa wawindaji ulikuwa wa namna gani, anza na ukanda huo wa ngozi. Mzembe hakuchukuliwa safari ya pili.

Sasa alama. Kigumba cha Mwaata kiliundwa kiachane na mti wake. Mti huanguka, chuma hubaki mwilini. Na juu ya mshale mwenyewe alitia alama yake, mikato au michoro ambayo wenzake wote waliijua. Tembo akipatikana amekufa baada ya siku kadhaa, penye shaka ya nani alimfuma, alama ilijibu. Pembe zilikwenda kwa aliyetangulia kumtia mshale, na nyama ikaenda kwa watu. Lakini alama hiyo hiyo ilisema pia yale ambayo mwenyewe asingependa yasemwe. Mnyama aliyekutwa akitangatanga na kidonda kinachonuka, kigumba cha fulani kingali ubavuni, alikuwa barua ya wazi. Fulani alifuma kutoka mbali mno. Fulani alitumia sumu iliyochakaa. Fulani alichoka kufuata damu akarudi nyumbani kulala. Porini hakuna polisi wala hakimu, lakini jioni penye moto jina lako lilikuwa likitajwa.

Ndipo mnaelewa kwa nini Mwaata alimsogelea tembo mpaka karibu kiasi cha kumsikia akitafuna. Ujasiri ulikuwapo, sikatai, na majigambo pia. Lakini kufuma kwa mbali kulikuwa na aibu ya kudumu, na aibu hiyo ilikuwa na maandishi. Akishafuma, hakukimbia. Alikaa. Anayemkimbiza mnyama aliyejeruhiwa humpa nguvu za hofu na humpoteza. Mhadzabe naye, akimfuma mnyama mkubwa, mara nyingi hurudi kambini kuita wenzake, na pamoja huenda kufuata matone. Mmoja hutazama ardhi, mwingine majani, mwingine hutazama mbele ili wasije wakaangukia simba aliyewatangulia. Kufuma ni kazi ya mtu mmoja. Kupata nyama kunahitaji watu.

Na nyama ikipatikana, mfumaji hajipimii. Kwa Wahadzabe kuna sehemu za mnyama mkubwa, zenye mafuta na baadhi ya viungo vya ndani, ziitwazo epeme, ambazo huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa katika mambo hayo. Nyingine huenda kambi nzima. Wana pia mchezo wa kamari, lukuchuko, wa kurusha vipande vya magome kwenye shina la mti, na kinachowekwa rehani ni mishale. James Woodburn, aliyekaa nao kwa muda mrefu, aliona kwamba kamari hiyo huizungusha mishale mizuri kambini hata fundi wa kuunda au wa kulenga asijilimbikizie. Shekhe wetu wa hapa hataifurahia hoja hii, lakini ndiyo kamari pekee niijuayo ambayo humpunguzia tajiri. Mshale huhama mkono mbele ya macho ya wote. Na kule Kalahari, Wajuu'hoansi huazimana mishale, na mwenye mshale ndiye mwenye kugawa nyama hata kama hakutoka nyumbani. Mfumaji mwenyewe hupokelewa kwa kejeli. Huambiwa ameua kigofu, mifupa mitupu, mbona aliwasumbua watu kuja kubeba. Mtafiti Richard Lee alifanyiwa hivyo alipowanunulia ng'ombe mnene wa Krismasi, akakasirika kwanza, akaelewa baadaye: kijana anayeua wanyama wengi huanza kujiona chifu, na dawa yake ni kumcheka mapema.

Nisiwafanye hawa malaika. Waata waliua tembo kwa ajili ya pembe, na pembe ziliishia kwa wafanyabiashara wa pwani. Alama kwenye mshale ilizuia uzembe wa mtu na mtu. Haikumzuia mnunuzi aliyesema leteni zaidi. Adabu ya wawindaji ilikuwa na mipaka yake, na mpaka wake mkubwa ulikuwa soko.

Hata hivyo tuangalie nani aliitwa nani. Tarehe 19 Mei 1900, madola ya Ulaya yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Hakuna Mwafrika aliyekuwapo mezani. Sheria za leseni zilizofuata katika makoloni zilimpa mwenye pesa na bunduki jina la mwindaji, na mwenye upinde akaitwa jangili. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Saxton Pope na Art Young, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, na mwenzao Stewart Edward White akisimama nyuma na bunduki mambo yakiharibika. Pope alikuwa amejifunza upinde kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi wa California, aliyefariki mwaka 1916. Safari yao ilizaa kitabu. Klabu ya wawindaji wa upinde yenye majina yao iliundwa Marekani mwaka 1961 na ina kanuni zilizoandikwa: usifume kutoka ndani ya gari, usimwonee mnyama asiye na pa kukimbilia. Kanuni nzuri, sina ugomvi nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Howard Hill naye akaonyesha kwenye majumba ya sinema filamu ya uwindaji wake wa upinde katika Kongo ya Wabelgiji, ikaitwa kwa jina la Kiswahili, Tembo. Watu walilipa kiingilio kumwona Mmarekani akifanya kile ambacho Mwaata, miaka michache tu baadaye, alifungiwa jela kwa kukifanya.

Kwa maana hifadhi ya Tsavo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1948, na kati ya 1956 na 1957 maaskari wa wanyamapori chini ya David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha msako mkubwa. Na hapa ndipo kisa kinapouma. Alama za mishale, zile zilizowaweka wawindaji katika adabu kati yao, zikawa ushahidi. Mshale uliotolewa kwenye mzoga ulimtaja mwenyewe. Wawindaji waliokuwa na sifa kubwa, Galogalo Kafonde akiwa mmoja wao, walisakwa kwa majina. Katika muda mfupi uwindaji wa Waata ulivunjika. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, ambao ungewawezesha Waata kuwinda kwa kibali na kwa kiwango, Ian Parker akiusimamia mwanzoni. Haukudumu, ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe. Ukame wa 1970 na 1971 uliua tembo takriban 6,000 kule Tsavo kwa njaa, bila mshale hata mmoja. Kisha zikaja bunduki. Makadirio ya tembo wa Kenya yalishuka kutoka 167,000 hivi mwaka 1973 hadi 16,000 hivi mwaka 1989. Katikati ya anguko hilo serikali ilipiga marufuku uwindaji wote, tarehe 19 Mei 1977. Tarehe ile ile ya London, bahati tu. Marufuku ile wala haikumgusa mwenye upinde, kwa kuwa yeye alikuwa ameharamishwa zamani.

Kilichochukua nafasi ya upinde mmekiona wote. Ni waya. Wa breki ya baiskeli, wa nguzo ya ua, au uliochomolewa kwenye tairi kuukuu lililochomwa moto. Hupindwa kitanzi, hufungwa kwenye shina penye njia ya wanyama, mtu akaenda zake. Hapo Ruma, bonde la Lambwe, hifadhi ya taifa tangu 1983, ndiko waliko korongo wa mwisho wa Kenya, wale swala wakubwa wenye uso mweusi na mweupe, na waya umekuwa miongoni mwa adui zao wakubwa. Serengeti pia, vivyo hivyo. Tangu mwaka 2017 kuna vikosi vinavyotembea kutwa kazi yao kung'oa nyaya.

Waya hauchagui. Haujui jike mwenye mimba, haujui mtoto, haujui simba aliyepita kwa bahati mbaya. Lakini hilo husemwa na kila mtu. Mimi linaloniudhi zaidi ni kwamba hauna mwenyewe. Mnyama akioza ndani ya kitanzi hakuna wa kuulizwa. Hakuna aliyemwona mnyama machoni, hakuna aliyefuata damu, hakuna wenzake wa kumcheka jioni. Aliyetega anaweza kuwa jirani yako kanisani au msikitini, na asubuhi akakuuzia nyama akikuambia ni ya mbuzi. Wavuvi mlio hapa hamhitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 2007 kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, zilitaka kila mvuvi na kila mtumbwi uandikishwe, ili chombo kiwe na mtu. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zilizopigwa marufuku huachwa majini na kila mtu huapa si zake, nazo huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Nilisema Sondu, sitaikwepa. Mpakani pale, Nyakach na Wakipsigis, na mbali zaidi katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, mishale imewaua watu, na wauguzi wetu wameichomoa vifuani mwa watoto wa watu. Kuna wanaosema huo ni utamaduni. Nauliza: mwenye mshale ule atakuja hospitali kuudai? Atasimama mbele ya wazee aseme huu ni wangu, nilifuma mimi, kutoka hatua kadhaa, na nimeufuata hadi hapa? Mwindaji wa kweli ndivyo angelazimika kufanya. Mshale uliofumwa gizani kutoka ng'ambo ya barabara kisha ukakanwa ni ndugu wa waya, hata ukiwa na manyoya mazuri nyuma.

Nitaulizwa, najua, kama nataka marufuku ya uwindaji iondolewe. Hapana. Wanyama waliobaki Nyanza hawatoshi hata kwa mjadala, na soko la nyama ya porini lingekuwa pale pale. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtia hatiani hata anayewinda kwa kitoweo, na mahakamani hapa Kisumu hutaokoka kwa kumtaja Mwaata. Lakini naona tofauti kubwa kati ya kuufunga uwindaji na kuwafukuza wawindaji. Waogiek wa Mau, mabingwa wa upinde, mbwa na mizinga ya asali, walifukuzwa msituni kwa jina la uhifadhi mara nyingi, hadi Mahakama ya Afrika mjini Arusha iliposema, tarehe 26 Mei 2017, kwamba serikali ilikiuka haki zao na kwamba si wao wa kulaumiwa kwa uharibifu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na kurudishiwa ardhi ya mababu zao. Watu waliokuwa wamegawana msitu ukoo kwa ukoo, kila kipande kikijulikana ni cha nani, walitolewa. Walioingia nyuma yao na misumeno hawakuwa na wa kuwauliza.

Wanaotaka upinde kwa mchezo, uko mchezo. Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na silaha yake ilikuwa upinde. Shabaha ya karatasi haitoi damu, na kila mshale uliokwama pale una jina la mtu kwenye ubao wa matokeo.

Kwa vijana wanaokwenda Dunga kukata mafunjo, ambako swala aitwaye nzohe bado amejificha, nina ombi la vitendo. Mkikuta kitanzi, msikipite. Kiangalieni kimefungwaje, shina gani, kinaelekea njia gani, kisha nendeni mkawaambie askari wa wanyamapori pale hifadhi ya swala, na muende zaidi ya mmoja. Aliyekitega huenda anawatazama, na huenda mnamjua.